Namna ya kuchagua meza ya biyari ya nyumbani hapa Bukavu

Jambo, wandugu. Leo tuko Bukavu, na hii nyuma yangu ni meza ya biyari ambayo jamaa mmoja anataka kuinunua aipeleke kwake. Msitazame kwanza hicho kitambaa cha kijani. Shukeni pamoja nami, maana meza ya biyari hununuliwa kuanzia uvunguni.

Nimepiga magoti na tochi. Hatua ya kwanza ni kujua kitambaa kimelazwa juu ya nini. Meza nzuri ina jiwe la sleti, lenye unene wa milimita 19 hadi 25. Sogeza kamera hapa, kati ya mbao za fremu. Mnaona hiyo rangi ya kijivu iliyokolea? Ukiligusa ni baridi, ukiligonga kwa kifundo cha kidole linatoa mlio mkavu wa jiwe. Ukikuta rangi ya kahawia kama katoni ngumu, hilo ni bao la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Mji huu unanyeshewa tangu Septemba mpaka Mei. Bao hilo hunywa unyevu, huvimba, na likishavimba halirudi. Niliwahi kuuziwa meza ya namna hiyo. Muuzaji aliapa kwamba ni jiwe, na mimi sikuinama kutazama. Msimu mmoja wa mvua ulitosha: mipira yote ikawa inakimbilia kona moja, na watoto wangu wakaacha kucheza. Iliniuma sana.

Sasa simama, toa mita. Pima pale mpira unapotembea tu, kutoka raba ya upande huu, yaani ile kingo inayourudisha mpira, hadi raba ya upande wa pili. Meza ya futi 7 ina sentimita 198 kwa 99 hivi. Ya futi 8 ina 224 kwa 112. Urefu uwe mara mbili ya upana. Usipopata hivyo, fremu imeenda upande au raba zilifungwa vibaya.

Vipimo hivyo vipeleke kwenye sebule yako. Fimbo ya kawaida ina sentimita 147, na mchezaji anahitaji nafasi hiyo kila upande. Kwa meza ya futi 7, chumba kiwe na mita 5 kwa 4, bila kabati wala viti kandokando. Fimbo fupi za sentimita 122 zipo, ila kama kuna meza ndogo zaidi, mimi ningechukua hiyo.

Raba: weka mpira mweupe mwisho huu, upige kwa nguvu, moja kwa moja. Tazama… umekwenda, umerudi, umekwenda tena, na bado unarudi. Hii ni hai. Ukigonga na kutoa sauti nzito, kisha ukafia katikati ya meza, raba imekauka. Rudia pande zote, maana mara nyingine inakufa upande mmoja tu. Uliza pia mipira ya meza hiyo ni ya kipimo gani. Ya Kimarekani ina milimita 57, ya Kiingereza karibu 51. Kimo cha raba hufuata mpira, kwa hiyo usichanganye.

Kuhusu mbao, nitasema kidogo tu. Seremala wetu wanaweza kukutengenezea miguu na fremu nzuri kabisa, mradi mbao ziwe zimekauka vizuri. Mkaratusi uliopasuliwa juzi utajipinda, na jiwe litaufuata.

Hapa sasa ndipo watu wengi wa Bukavu wanapokwama: njia ya kufika nyumbani. Meza ya futi 8 ya jiwe huweza kupita kilo 350. Gari litakuacha barabarani, kisha kuna ngazi za udongo, kona, na mlango mwembamba. Kwa hiyo chagua jiwe la vipande vitatu, hata kama lile la kipande kimoja ni rahisi kulipanga. Kila kipande kina kilo 70 hivi. Wanaume wanne wanashuka nacho bila hatari. Kibebwe kikiwa kimesimama kwa ubavu. Kikilazwa, kinaweza kukatika katikati kwa uzito wake chenyewe. Na msibebe baada ya mvua, hata kama dereva ana haraka. Subirini njia ikauke. Jiwe hupatikana lingine, mguu wa mtu haupatikani.

Mwisho, usimalize kulipa dukani. Mwambie muuzaji sehemu ya pesa itatoka baada ya meza kupangwa kwako. Fundi aweke nivo, yaani kipimo cha usawa, juu ya kila kipande, kwa urefu na kwa upana, akisawazisha kwa vipande vyembamba vya mbao ngumu chini ya miguu na kati ya fremu na jiwe. Asitumie katoni, italainika. Maungio ya jiwe ayajaze nta, ayakwangue yawe sawa, ndipo avute kitambaa.

Hii yetu tayari imepangwa. Nausukuma mpira mweupe polepole sana, kupita juu ya maungio… tulieni… umefika raba ya mwisho na haukupinda. Sasa mpe muuzaji pesa yake iliyobaki.