Mwenye Ukumbi na Mwenye Hoja

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti, ahsante kwa muda ulionipa. Nitajitahidi nisile wa wenzangu.

Kikundi chenu kiko mbioni kusajiliwa na sasa kinatafuta viongozi, ndiyo maana nimeitwa. Rasimu ya katiba nimeisoma. Mnataka kuwaelimisha wakazi wa Arusha juu ya mambo ya dunia: vita, biashara, mikataba, tabianchi. Hilo ni jema, tena katika mji huu wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, ambako wengi wetu tunapita nje ya mageti hayo kila siku bila kujua ndani kunaamuliwa nini. Kilichonisimamisha ni kifungu cha sifa za mkurugenzi. Mnataka shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa na uzoefu wa miaka kumi. Mimi na shahada hatuna ugomvi. Ila naomba twende Chicago, Marekani, kidogo, kwa sababu kule kazi hii imefanywa kwa zaidi ya miaka mia, tuone ilifanywa na watu wa namna gani.

Seneti ya Marekani ilikuwa imeukataa Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mara mbili, Novemba 1919 na Machi 1920, na nchi ikabaki nje ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa. Kuna watu liliwauma. Mwaka 1921 wakubwa wa New York wakaunda baraza lao la mambo ya nje: unaingia kwa mwaliko, mazungumzo ni ya faragha, na ni wanaume watupu. Wanawake walisubiri mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960. Chicago ilipoanzisha la kwake mwaka 1922, wanawake walikuwamo tangu siku za mwanzo, na kazi ilikuwa ya hadharani: mgeni anaalikwa, anazungumza, anaulizwa. Mwaka huohuo Georges Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufaransa vita ilipomalizika, alikuwa akizunguka Marekani kuitetea nchi yake, na Chicago ikawa kituo kimojawapo.

Miaka ya 1930 baraza hilo liliongozwa na wakili kijana, Adlai Stevenson. Ninyi mnamjua kama balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba, Oktoba 1962. Alipokuwa rais wa baraza la Chicago hakuwa balozi wala gavana. Sehemu kubwa ya kazi yake mbele ya watu ilikuwa kumtambulisha mgeni, na kwa utambulisho huo alisifika. Msiudharau. Ili umtambulishe mtu vizuri kwa dakika tano lazima umsome, ujue alichowahi kusema na alichokwepa, kisha uwape wasikilizaji ufunguo wa kumhoji. Halafu ukae chini. Hapo kwenye kukaa chini ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Nimehudhuria makongamano mengi ya nyumbani ambako mwongozaji anazungumza kuliko mzungumzaji, na maswali yanapofika tunaambiwa muda umekwisha, chakula kinapoa.

Sasa njooni mwaka 1940, kwa sababu hapo ndipo uongozi wa taasisi ya aina hii ulipoonja moto. Ufaransa imeanguka mikononi mwa Ujerumani, London inapigwa mabomu, Marekani inabishana: tuwasaidie Waingereza au tukae pembeni? Kamati iliyoitwa America First, iliyotaka nchi isiingie vitani, ilikuwa na makao yake Chicago. Mwenyekiti wake alikuwa Jenerali Robert Wood, mkubwa wa kampuni ya Sears, Roebuck. Gazeti lenye nguvu mjini, Chicago Tribune la Kanali Robert McCormick, lilipiga ngoma hiyohiyo. Stevenson aliamini kinyume chao, na hakuficha. Alichofanya ni kuongoza tawi la Chicago la kamati nyingine kabisa, iliyoundwa kwa ajili ya kampeni ya kuwasaidia Washirika, yaani Uingereza na wenzake, hadi mwaka 1941 alipokwenda Washington kufanya kazi kwa waziri wa jeshi la majini.

Yaani hoja yake aliipatia nyumba yake. Baraza lilibaki na kazi ya kuita wasemaji. Sitawaambia kwamba mpaka ule ulikuwa safi. Nadhani wafuasi wa America First walijua vizuri mioyo ya watu wa baraza inaelekea wapi, na sidhani walikosea. Taasisi inayofundisha mambo ya dunia huvutia watu wanaoipenda dunia, wasioipenda hawaji. Huo ni upungufu ambao hakuna katiba inayoweza kuuponya. Unaweza tu kupunguzwa na kiongozi anayekubali kumpa mpinzani wake kipaza sauti na dakika zilezile anazompa rafiki.

Nisije nikaonekana nawachukia wasomi. Cleveland, mji wa viwanda vya chuma, wanawake walianzisha baraza lao mwaka 1923, na kuanzia 1935 likaongozwa na msomi hasa, Brooks Emeny, aliyeandika juu ya malighafi na nguvu za mataifa. Januari 1947 waliandaa mkutano uliomleta mpaka Alcide De Gasperi, waziri mkuu wa Italia. Waziri mkuu kwenda Cleveland! Kwa hiyo msomi anaweza. Sharti akubali kwamba ukumbi si darasa lake.

Na Portland, Oregon, mwaka 1954, ukumbi wenyewe uliondolewa. Watu walikutana sebuleni kwa majirani na kijitabu mkononi, kila safari na mada yake, wakabishana, kisha wakaandika maoni yao kwenye karatasi za kura. Hakukuwa na haja ya bingwa aliyekaa meza kuu. Mpango huo unaendelea hadi leo, kwa kawaida mada nane kwa mwaka. Ukiniuliza, ndio wa rahisi kuliko yote kuuiga hapa, kwa sababu hauhitaji projekta wala posho ya kikao.

Lakini kwa nini nizunguke Marekani yote wakati mfano mzuri kuliko hiyo uko hapa chini ya Mlima Meru? Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, yaani Mwingereza aliitawala chini ya usimamizi wa Umoja huo na wenyeji waliweza kupeleka malalamiko huko, na Wameru wakalijua hilo na maana yake. Walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura. Walishindwa.

Kilichofuata ndicho nataka wale watakaogombea nafasi zenu wakisikie. Kirilo alirudi, akawaeleza watu Umoja wa Mataifa ni nini, nani alisema nini, na kwa nini kura hazikutosha. Akazunguka hata nje ya Meru kueleza. Waliochanga walipata hesabu ya safari yao. Naamini Mwalimu Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia nchi kama Tanganyika, Machi 1955, nyuma yake kulikuwa na watu waliokwisha kujifunza, kwa shilingi zao wenyewe, kwamba New York inaweza kuulizwa. Hiyo ni elimu ya mambo ya dunia, na mfadhili wake alikuwa mkulima.

Nitoe mapendekezo, kisha nikae. Kifungu cha shahada mkifute, andikeni kwamba mkurugenzi awe ameshaendesha mjadala wa hadhara na watu wa pande mbili wakatoka bado wanasalimiana. Mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wanachama wote, si kwenye bodi peke yake, hata mwaka ambao kuna mfadhili wa nje. Hasa mwaka huo. Na ada ya uanachama iwepo, hata kama ni ndogo ya kuchekesha, maana aliyelipa huuliza. Kiongozi wenu akitaka kufanya kampeni ya jambo lolote, ruksa, lakini barua ya kampeni isiwe na nembo yenu.

Mada ya kwanza ninayo. Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote mwaka 2022, bei ya mbolea ilipanda duniani kote, na hapa serikali ikaingiza ruzuku. Mwiteni mfanyabiashara wa mbolea, mwiteni na mkulima wa mahindi, muwakalishe meza moja. Msifanyie hotelini, kafanyieni Leguruki, siku ambayo si ya soko. Anayeongoza kikao ahakikishe mkulima hakatizwi, na ajue Ukraine na Urusi huuza nini, kwa sababu ataulizwa.

Mwenyekiti, nimemaliza. Mama yule wa mstari wa pili amenyoosha mkono tangu nilipoitaja ada. Naomba aanze yeye.