Pakiti imepotelea wapi?

Wenzangu, nina ombi moja. Seva ya wavuti ikianza kutuma upya pakiti (vifurushi vya data) zile zile, msiguse mpangilio wowote kabla hamjajua pakiti inapotelea wapi.

TCP, kanuni inayosimamia usafirishaji wa pakiti hizo, haiambiwi kwamba pakiti imepotea, inakisia. Inatuma, inasubiri uthibitisho, na muda ukipita bila jibu inatuma tena, safari hii ikiongeza subira maradufu. Najua wapo wanaotamani kuifupisha subira hiyo. Oktoba 1986, kati ya Lawrence Berkeley Laboratory na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kasi ya mtandao ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mashine zilikuwa zikirudia kutuma kwa pupa kwenye njia ambayo tayari imejaa. Mtafiti wa mitandao Van Jacobson alichapisha tiba yake mwaka 1988, na subira tunayoilalamikia ni sehemu ya tiba hiyo.

Niliwahi kukesha na seva moja ambayo kurasa fupi zilifunguka papo hapo, ndefu zikaganda. Ping, jaribio la kutuma pakiti ndogo na kusubiri jibu, ilipita vizuri. Tulikuwa tumeshabadilisha kebo, tukaiwasha upya seva, wapi! Ndipo nikaendesha tcpdump, programu inayonasa pakiti zinazopita, pande mbili kwa wakati mmoja, kwa seva na kwa mteja. Upande wa seva niliona pakiti kubwa ile ile ikitoka, robo sekunde baadaye ikatoka tena, kisha baada ya nusu sekunde, kisha sekunde nzima. Upande wa pili haikufika hata mara moja, ilhali ndogo zote zilifika. Katikati palikuwa na njia isiyobeba baiti 1500. Ruta iliyokuwa pale ilikuwa ikiirudishia seva ujumbe wa ICMP (taarifa ya hitilafu ya mtandao) kwamba pakiti imezidi, na fayawoli yetu wenyewe, kichujio cha mtandao, ikautupa. Tuliporuhusu ujumbe huo upite, seva ikapunguza ukubwa wa pakiti, kurasa zikafunguka.

Mkinasa ndani ya seva, mnaweza kuona pakiti zinazozidi baiti 1500. Msishtuke: kadi ya mtandao ndiyo inayozikata baadaye, na kadi ya upande wa pili nayo huweza kuziunganisha tena, kwa hiyo ukubwa halisi unaonekana kwenye nasa iliyochukuliwa njiani, nje ya mashine zote mbili.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo kwa juu juu. Mteja anasubiri sekunde 1 nzima kabla hata muunganisho haujafunguka, kwa sababu SYN yake ya kwanza, pakiti ya kuomba muunganisho, haikujibiwa. Tazameni nasa ya seva. Kama SYN hiyo imo, mtandao umekwisha kufanya kazi yake, na huenda seva ndiyo iliyoitupa kwa kuwa foleni ya miunganisho imejaa. Endesheni nstat, amri inayoonyesha hesabu za mtandao, mtazame ListenOverflows, yaani mara ambazo foleni hiyo ilikutwa imejaa. Ikipanda, programu inachelewa kupokea wateja. Hapo kamuulizeni aliyeiandika programu, fundi wa kebo mwacheni apumzike.

Kebo yenyewe haichukui muda kuipima: endesha ethtool -S pamoja na jina la kadi ya mtandao, amri inayoonyesha takwimu za kadi hiyo, soma hesabu ya makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika), subiri dakika chache, soma tena. Ikiwa imeongezeka, badilisheni kebo.