Mtu Aliyenawa Sumu

Kila nikialikwa kwenye swali hili, kama teknolojia imeyafanya maisha yetu kuwa bora, mwenyekiti huniomba nijibu kwa ndiyo au hapana. Leo kaniomba tena. Sijibu. Nitawasimulia habari ya mtu aliyenawa mikono, mlioisikia vumilieni.

Oktoba 1924, Marekani. Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya magari ya General Motors, kasimama mbele ya waandishi wa habari. Anajimiminia dawa mikononi, ananawa, kisha anaileta chupa puani na kuinusa kwa dakika nzima. Mnaona? Haina neno!

Dawa yenyewe ni ya kutia kwenye petroli ili injini isigonge, na ndani yake mna madini ya risasi. Si ile ya bunduki, ingawa hii nayo inaua. Mwezi huo huo wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikuwa wamekufa kwa sumu yake. Wengine walirukwa na akili. Na Midgley alijua vizuri mno, maana mwaka 1923 yeye mwenyewe alilazimika kuacha kazi kwa muda akajiuguze, risasi imeshamwingia mwilini. Hata Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika miaka kama 2,000 iliyopita kwamba maji ya mabomba ya risasi yanadhuru. Tena njia nyingine ilikuwepo: spiriti nayo huzuia injini kugonga. Ila spiriti yeyote anaweza kuitengeneza, na utaikatia hataza gani, uiuze peke yako?

Petroli ile ilikoma kuuzwa kwa ajili ya magari duniani kote lini? Mwaka 2021. Fanyeni hesabu wenyewe. Karibu karne nzima watoto wanavuta moshi unaodumaza akili, na anayehoji anaambiwa anapinga maendeleo.

Namwona kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Unataka kuniuliza, “Mzee, turudi pangoni tukaugue ndui?” Aka! Ndui ilitangazwa kutokomezwa 1980, na sina hamu nayo hata kidogo. Lakini chanjo ilikuwepo tangu 1796, mwanangu. Miaka 184! Chupa ilikaa, watu wakaendelea kufa, mpaka Marekani na Wasovieti, waliokuwa hawapikiki chungu kimoja, wakakubali kuitoa pamoja, na wahudumu wakapita kijiji kwa kijiji wakiwasaka wagonjwa wa mwisho. Hapo ndipo maisha yalipokuwa bora. Nani kaulizwa, nani kalipa, nani kafikiwa: mkiniletea kifaa kipya, nianzieni hapo.

Nilitaka kugusia mashine ya kufulia, iliyopunguza jasho ikatuongezea nguo za kufua. Na simu. Simu tuiache, naona wengine mnaishika sasa hivi.

Ehe, mnauliza Midgley aliishia wapi. Mwaka 1928 akaja na gesi za friji, zile zilizokuja kutoboa tabaka la ozoni. Mwaka 1941 wanakemia wenzake wakamvisha nishani.

Haya, maswali.