Gari limefika, je damu ipo? Maongezi ya 115 na dharura za uzazi

REHEMA: Haya jamani karibuni tena, mimi Rehema niko na Musa kama kawaida. Leo ni mama mjamzito amepata dharura, yuko kijijini, usiku, hospitali iko mbali. Musa, tuanze na 115 maana kuna watu mpaka leo hawaijui.

MUSA: 115 unapiga bure, hata kama simu haina salio. Ni mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga hapa Tanzania, na anaepokea hakuambii tu subiri gari, anakuuliza mama anatoka damu, amepata degedege, mimba ya miezi mingapi, mko kijiji gani, alafu anaamua apelekwe kituo kipi. Ambulensi ikiwa karibu inatumwa, kama haipo ndo anapigiwa dereva wa kawaida wa hapohapo, mtu mwenye teksi au noah yake ambae alishasajiliwa, anambeba mama, akishamfikisha salama hela yake inaingia kwenye simu.

REHEMA: Yaani hapo kwenye hela ndo napapenda, maana bila hivo familia inazunguka usiku kutafuta ya mafuta, mara wauze kuku, mara wamgongee jirani mlango, mume yuko machimboni simu haipatikani na mama mkwe anasema tusubiri kukuche.

MUSA: Na kukikucha inakua habari nyingine. Walianzia kanda ya ziwa, Sengerema na Shinyanga, serikali na Vodafone Foundation na wenzao, 2022 ndo ikazinduliwa iende nchi nzima. Na vifo vya uzazi vimeshuka kweli, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulisema wanafariki akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukasema 104.

REHEMA: Ila tusiipe 115 sifa zote, 2022 ndo kwanza ilikua inasambaa. Kuna vituo vya afya vingi vilijengewa chumba cha upasuaji miaka hiyo, kwahiyo mama wa operesheni halazimiki kila mara kwenda mpaka hospitali ya mkoa. Na hapa ndo nataka tukae Musa, gari limefika sawa, linampeleka wapi? Mama akianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, bila matibabu anaweza kufariki ndani ya masaa kama mawili. Sasa umfikishe mahali friji ya damu iko tupu!

MUSA: Hapo ndo ndugu wanaambiwa tafuteni watu wa kuchangia. Saa nane ya usiku, nani? Na hata akipatikana huwezi kumtoa damu ukamwekea mgonjwa hapohapo, lazima ipimwe kwanza, ukimwi, homa ya ini, kaswende, na kundi lioane na la mama.

REHEMA: Ndo maana nasema shida igundulike mapema, palepale kitandani. Kwa miaka mingi nesi alikua anakadiria kwa macho, na damu nyingine imeingia kwenye kanga, nyingine kwenye shuka, nyingine imetiririka sakafuni imechanganyika na maji, utajuaje imefika nusu lita? Sasa kuna shuka la plastiki linawekwa chini ya mama, upande mmoja lina kama mfuko wenye mistari ya vipimo, damu inaingia mle unaisoma. Walilijaribu Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, majibu yakatoka 2023, madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60.

MUSA: Plastiki tu?

REHEMA: Hapana, plastiki inakushtua, alafu mambo yote yanafanyika kwa pamoja. Tumbo linakandwa mfuko wa uzazi ukaze, oksitosini ambayo ni dawa ya kuukaza huo mfuko, dawa ya kusaidia damu igande, dripu, na wanakagua kama amechanika au kondo limebaki. Sio unajaribu hiki unasubiri, kikishindikana ndo unaenda kingine.

MUSA: Sasa dada nikuulize, na mtoto je? Kichanga ametoka halii. Anakaushwa, anasuguliwa mgongo, akiwa bado hapumui anatakiwa apewe hewa kwa ambubegi, ule mfuko wenye barakoa wa kusukuma hewa kwa mkono, ndani ya dakika ile ya kwanza. Na zamu ya usiku kwenye zahanati unakuta nesi mmoja. Mama anatoka damu, mtoto hapumui, aanze na nani?

REHEMA: Hawezi Musa, mikono ni miwili. Mimi ningepewa bajeti leo ningeweka mtu wa pili usiku kabla sijanunua ambulensi nyingine.

MUSA: Mimi ningeanza na damu.

REHEMA: Na damu inawekwa na nani?

MUSA: Eeh, hapo umenibana. Basi nyie mnaosikiliza, kama nyumbani kuna mjamzito hifadhini 115 kwenye simu ya kila mtu mzima, sio ya baba tu. Na mtoto akizaliwa njiti mkawa mnasubiri gari, akaushwe vizuri, avikwe kofia, alale kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, juu mfunike na kanga mbili au blanketi, pua na mdomo viwe wazi.

REHEMA: Na asitolewe hapo kifuani njia nzima mpaka mfike.