Mali ya Askofu, Mali ya Nani? Vitu na Makusanyo ya Makasisi wa Kihispania katika Amerika ya Kikoloni

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, mabibi na mabwana,

Orodha za mali za makasisi wa Kihispania huko Meksiko na Peru hazikuandikwa kwa ajili yetu wanahistoria. Ziliandikwa kwa sababu dola ya mfalme haikuwaamini wenye mali. Sheria ilimtaka askofu aandikishe vitu vyake kabla ya kushika jimbo, ili siku akifa ijulikane alikuja na nini na amechuma nini akiwa huko. Alichokuja nacho kilikuwa chake, na aliweza kukiusia; alichokipata kutokana na mapato ya jimbo hakikuwa chake cha kurithisha, na maofisa wa mfalme waliharakisha kukihesabu hata kabla matanga hayajaanuliwa. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila orodha ni moja: hiki ni cha nani?

Mfano mzuri ni Manuel de Mollinedo y Angulo, aliyekuwa askofu wa Cuzco, huko Peru, tangu 1673 hadi alipofariki mwaka 1699. Alitoka Madrid na mkusanyo wa picha za rangi, zikiwemo zilizoandikwa kuwa kazi za El Greco, mchoraji mashuhuri wa Hispania. Aliukuta mji ambao ulikuwa bado unajengwa upya baada ya tetemeko la 1650, na chini ya ufadhili wake wachoraji wenyeji, hasa Basilio de Santa Cruz Pumacallo, walipamba kanisa kuu la jimbo.

Watawa walikuwa na shida ya aina nyingine. Mfransisko, yaani mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, aliyekula kiapo cha ufukara hakuruhusiwa kumiliki hata kitabu, kwa hiyo ndani ya jalada liliandikwa kwamba kitabu hicho ni cha matumizi tu ya ndugu fulani. Huko Meksiko nyumba za watawa zilikwenda mbali zaidi: zilichukua chuma kilichopashwa moto zikakigandamiza kwenye ukingo wa kurasa, kama ng'ombe apigwavyo chapa, na kila nyumba ilikuwa na alama yake. Mwizi angeweza kuchana ukurasa wa kwanza, lakini alama iliyoungua katika kurasa zote angeiondoaje?

Juan de Palafox y Mendoza, askofu wa Puebla huko Meksiko, alitatua suala la umiliki angali hai. Mwaka 1646 alivitoa vitabu vyake 5,000 kwa vyuo vya seminari ya mji huo, kwa masharti kwamba visomwe na yeyote ajuaye kusoma, si wanafunzi wa upadre peke yao. Maktaba ya Palafoxiana ipo hadi leo.

Si kila kilichoorodheshwa kilikuwa kitu. Katika hati nyingi za namna hii, baina ya vijiko vya fedha na majoho ya ibada, wameandikwa pia watu, watumwa wenye asili ya Afrika, wakiwa na majina ya ubatizo na thamani yao kwa peso. Karani hakubadilisha hata mwandiko alipotoka kwenye kiti kwenda kwa mtu.

Francisco de Ávila ndiye anayenitatiza kuliko wote. Alikuwa paroko huko Huarochirí, katika milima iliyo juu ya Lima. Baada ya waumini wake kumshtaki mwaka 1607, aligeuka kuwa mwindaji mkuu wa sanamu na maiti za mababu waliokuwa wakiheshimiwa na wenyeji, na mwaka 1609 akazichoma hadharani Lima. Hata hivyo, miongoni mwa karatasi zake ilihifadhiwa hati ya Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima hiyo, inayosimulia miungu hiyohiyo, ambayo sasa imo katika Maktaba ya Taifa ya Hispania. Alipofariki mwaka 1647 aliacha zaidi ya vitabu 3,000. Kwa maoni yangu, alikusanya habari hizo ili ajue pa kuchoma. Lakini bila hati yake, tusingekuwa na masimulizi hayo kwa lugha ya wenyewe.

Baltasar Jaime Martínez Compañón, askofu wa Trujillo katika Peru, alikuwa mkusanyaji wa tabia tofauti. Kati ya 1782 na 1785 alilizunguka jimbo lake, na matunda ya safari hiyo ni majuzuu tisa yenye picha zaidi ya 1,400 za rangi za maji: mimea, ndege, wafumaji, michezo, hata nota za nyimbo, mmoja wao ukiwa na maneno ya Kimochika, lugha ambayo leo haina msemaji. Wachoraji hawakutajwa majina. Juzuu la tisa linaonyesha ramani ya magofu ya Chan Chan, mji wa kale ulio karibu na Trujillo, makaburi, na vyungu vilivyofukuliwa humo. Vitu vyenyewe alivifungasha katika masanduku akavipeleka Hispania kwa mfalme, bila wazao wa waliozikwa kuulizwa, na vyungu kadhaa vya kundi hilo vimo katika Jumba la Makumbusho la Amerika mjini Madrid. Juzuu zimo katika Maktaba ya Kasri ya Kifalme, katika mji huohuo, kwa hiyo mtafiti anaweza kukilinganisha chungu na mchoro wake bila kufika Trujillo hata mara moja.