Asteroidi Inayokwenda Kinyume si Lazima Iwe Imetoka Nyota Nyingine

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikililalamikia jambo hili, nami nitalilalamikia tena leo hapa Dodoma: kila linapogunduliwa jiwe linalolizunguka Jua kinyume na sayari, hakosekani mtu wa kutangaza kwamba limetoka nyota nyingine.

Chukueni asteroidi 2015 BZ509, iliyoonwa mwaka 2014 kwa darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii, ambayo hupita katika njia ya Mshtarii ikielekea upande wa pili, kama bodaboda aliyeingia kipilefti kinyume cha magari. Mtauliza mbona haijagongwa. Njia yake si duara kamili, kwa hiyo katika kila mzunguko, unaochukua karibu miaka 12, hupishana na Mshtarii mara mbili, mara moja ikiwa upande wa ndani na mara moja upande wa nje, na mvuto wa mara ya kwanza hutenguliwa na wa mara ya pili. Mwanaastronomia Paul Wiegert na wenzake walilieleza hilo mwaka 2017. Mwaka uliofuata, Fathi Namouni na Helena Morais walitengeneza kwenye kompyuta nakala milioni moja za asteroidi hiyo, wakazirudisha nyuma miaka bilioni 4.5, na kwa kuwa chache zilidumu katika njia hiyo tangu mwanzo wa mfumo wa Jua, wakati vitu vyake vilikwenda upande mmoja, wakahitimisha kwamba ilinaswa kutoka nje ya mfumo huo. Chache! Zilizo nyingi hazikudumu, nami sioni kwa nini tuzisikilize hizo chache pekee, ilhali wingu la Oort, lile kundi la vitu vya barafu linaloizingira familia ya Jua kwa mbali sana, hutuletea vitu kutoka kila upande, na sayari kubwa zina uwezo wa kuzipinda njia zake.

Nyotamkia ya Halley, iliyopita mwaka 1986 na inayotarajiwa 2061, nayo huenda kinyume, wala hatuisingizii ugeni. Vumbi lake hukutana na Dunia karibu uso kwa uso, ndiyo maana vimondo vyake vya mapema Mei huingia kwa kilomita 66 hivi kwa sekunde. Toka nje ya taa za mji, upande wa Bahi, utazame mashariki kabla ya alfajiri, uone jinsi baadhi yake vinavyoacha mchirizi unaong'aa hata baada ya kimondo chenyewe kuzimika.

Dioretsa, asteroidi nyingine iendayo kinyume, na vitu vya namna hiyo vilivyo mbali kuliko Neptuni navipita, kwani mwenyekiti ananionyesha saa. Oumuamua iliyogunduliwa mwaka 2017 na nyotamkia Borisov ya 2019 zilitambuliwa kuwa zimetoka nje ya mfumo wa Jua kwa sababu zilikuja na kasi ambayo mvuto wa Jua haukuweza kuinasa, na hakuna aliyehitaji kuuliza zilizunguka upande gani.