Mizinga miwili ya Isandlwana

Ndugu wasikilizaji, kabla hatujafika kwenye vita vya Waingereza na Wazulu, tuuangalie mzinga wenyewe. Tarehe 22 Januari 1879, kambi ya Waingereza chini ya mlima Isandlwana, katika nchi ya Wazulu, leo Afrika Kusini, ilikuwa na mizinga miwili tu ya ratili 7. Mingine minne ya betri hiyo, yaani kikosi cha mizinga, Lord Chelmsford, jemadari wa Waingereza, aliondoka nayo alfajiri. Ratili 7 ni uzito wa kombora, yaani kilo 3 na kidogo. Mtutu una tundu la inchi 3 na uzito wa ratili 200, mzinga wa kubebeka na nyumbu milimani. Kwa hiyo baruti yake ni haba, na kombora lake halina kasi.

Hujazwa kwa mdomoni. Askari mmoja husugua mtutu kwa sponji iliyoloweshwa, cheche iliyobaki isije ikawasha baruti mpya. Unaingia mfuko wa baruti, kisha kombora. Vifundo vya kombora sharti vikae kwenye mifereji ya mtutu. Vikienda kombo, linakwama njiani. Huku nyuma mwingine anautoboa mfuko kupitia tundu la kuwashia, anachomeka mrija wa fataki, anashika kamba. Halafu wote wanaruka pembeni, maana mzinga huu ukilia hurudi nyuma na magurudumu yake, na aliyezubaa hukanyagwa.

Wazulu waliisoma hiyo hatua ya pembeni. Wapiga mzinga wakijitenga tu, walio mbele walilala kifudifudi au walifungua safu. Kombora likipita walipaza sauti, “uMoya!”, yaani upepo, wakainuka na kusonga. Katika mita 400 kombora huchukua sekunde moja na ushee. Aliyekwisha kulala ana nafasi. Nalo likizama kwenye udongo kabla ya kupasuka, vipande hurukia juu.

Dawa ya watu walio karibu ni kopo: bati lenye gololi linalopasuka mdomoni mwa mtutu na kutawanya kama marisau. Lakini likivuka mita 300 hivi halina maana tena. Luteni Curling, ofisa wa mizinga hiyo miwili, aliwahi kupiga kopo mara moja au mbili, ikaja amri ya kurudi nyuma. Kufunga mzinga kwenye gari la farasi ni kazi ya mikono mingi, na mikuki ilikwisha fika. Kuna askari aliyechomwa akipanda kiti cha mzinga. Mizinga yote miwili ilinaswa kwenye makorongo.

Hata ingepiga vizuri, ilielekea upande mmoja. Wazulu walishambulia kwa umbo la fahali: kifua katikati, pembe mbili ubavuni. Isifuba, neno ambalo ni kifua na masikio yetu yanalitambua, kiliwashika Waingereza mbele. Pembe zilizunguka, na ile ya kulia ilipita nyuma ya mlima. Watu kama 20,000 dhidi ya 1,700 na ushee: kugeuza mizinga miwili kungesaidia nini?

Kule Kambula, kambi nyingine ya Waingereza, tarehe 29 Machi mwaka huo huo, kanali wao Evelyn Wood alikuwa na mizinga sita ya aina hiyo hiyo. Minne aliiweka wazi, kati ya boma la magari na ngome ya udongo. Kisha akatuma wapanda farasi wakaichokoze pembe ya kulia. Ikawaka, ikaja peke yake kabla kifua na pembe ya kushoto hazijawa tayari. Wapiga mizinga wakaelekeza mitutu huko kwanza, halafu wakaigeuzia upande wa pili, kila kundi kwa zamu yake.